Kidakuzi wa Kasansa

Luhende wa Kasansa aliiogopa sheria tangu hajaijua. Wapo watu wanaoogopa nyoka, wapo wanaoogopa wakwe. Yeye aliogopa vyote viwili, lakini kifungu cha sheria kilimtoa jasho hata kama kilihusu meli na yeye anaishi bara. Palipoandikwa "usipite hapa" hapiti, hata kama ukuta wenyewe umeshaanguka na mbuzi wanapita wakimtazama. Bodaboda wote wa Kasansa wanajua kwamba ukimpakia Luhende lazima uwe na kofia ngumu ya pili, na iwe inamtosha, la sivyo atashuka atembee kwa miguu, na mkikutana mbele ya safari atakusalimia vizuri tu, bila kinyongo.

Riziki yake ilikuwa duka la dawa za mifugo: dawa za minyoo, dawa za kupe, mabomba ya sindano, hereni za ng'ombe, chumvi ya kulamba. Wateja wake wengi walikuwa Wasukuma wenzake, ambao baba zao walishuka nchi ya Mpimbwe na ng'ombe kutafuta malisho, na mara mojamoja mwenyeji wa Kipimbwe mwenye jozi ya maksai wa kulimia mpunga. Lakini heshima yake haikutoka dukani. Ilitoka kwenye blogu.

Blogu hiyo aliiita Kapotea Kaonekana, na ilikuwa ya ng'ombe waliopotea. Mtu akipotelewa, alikuja dukani na picha kwenye simu, na Luhende akaiweka mtandaoni na maelezo yote: jina la mwenye ng'ombe, kitongoji chake, namba yake ya simu, rangi, pembe, chapa, hata tabia. "Dume jeusi la mzee Lyamba, pembe ya kushoto imekatika, halipendi miavuli." Wafugaji waliisoma mnadani wakisubiri nyama choma, na mara kwa mara ng'ombe alionekana. Luhende hakupata senti kwa kazi hiyo. Alichopata ni kwamba akipita mnadani watu wazima walimwamkia kwa mikono miwili, na kwa mtu aliyekuwa wa mwisho darasani mpaka darasa la saba, hilo si jambo dogo.

Mambo yaliharibika siku alipokwenda Mpanda kufuata mzigo wa dawa akasikia kuna semina ya wenye blogu. Mtu mwingine angechukua mzigo wake akapanda basi. Luhende akaingia, akakaa mbele.

Mtoa mada alikuwa mwanasheria kijana aitwaye Eustace, mwenye suti iliyombana mabegani na sauti ya upole. Alieleza kwamba siku hizi taarifa za mtu ni mali yake. Jina lake, namba yake, picha yake, mahali anapoishi, huwezi kuvitangaza mpaka mwenyewe atoe idhini. Tena kila tovuti iwe na sera ya faragha, iseme inakusanya nini na kwa nini. Tena kama tovuti yako ina vidakuzi, msomaji aambiwe na aulizwe kama anakubali.

Luhende alinyoosha mkono kuuliza vidakuzi ni vitu gani. Eustace akasema ni vijifaili vidogo sana ambavyo tovuti inaviacha kwenye simu ya msomaji, vinakaa humo, vinamkumbuka alikopita na alichotazama. Kila blogu inavyo, mara nyingi mwenye blogu hajui. Luhende akaviona mara moja akilini: vidogo, vinang'ang'ania, vinasafiri na mnyama bila yeye kujua. Akauliza kama kuna dawa ya kuogeshea. Ukumbi mzima ulicheka, ila yeye hakuwa anatania.

Njiani kurudi Kasansa hakulala kama wenzake. Alihesabu moyoni majina aliyowahi kuyatangaza bila kuuliza mtu, akajiona yuko kizimbani na mzee Lyamba anatoa ushahidi, na dume lake nje linasubiri.

Alipofika hakula. Mkewe Nyamizi, mama wa mtoto wao Faith, alimtengea ugali ukapoa huku yeye anafuta. Alifuta majina, akafuta simu, akafuta vitongoji. Kisha akakaa akafikiri: chapa ya ng'ombe si ndiyo jina la mwenyewe lililoandikwa kwa moto? Akazifuta chapa. Halafu akaona kwamba kwa wafugaji ng'ombe anajulikana kwa sura kuliko mwenyewe anavyojulikana kwa jina, na ukimtambua ng'ombe umemtambua mtu. Kwa hiyo akazitia ukungu nyuso za ng'ombe. Asubuhi tangazo la dume la mzee Lyamba lilisomeka hivi: "Amepotea ng'ombe. Rangi imehifadhiwa. Pembe zimehifadhiwa. Mwenye ng'ombe amehifadhiwa. Ukimwona toa taarifa kwa anayehusika."

Mzee Lyamba alikuja dukani na fimbo yake, akaomba asomewe mara mbili. Kisha akauliza kwa utulivu, "Sasa Luhende, ng'ombe wangu unamtafuta au unamficha?"

Luhende akamweleza habari ya sheria na taarifa binafsi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, halafu akaenda kumtafuta dume wake mwenyewe kwa miguu.

Sera ya faragha nayo ilileta maneno yake. Luhende aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, ndefu, na juu kabisa akaweka: "Tunaheshimu faragha yako." Sasa huku kwetu mtu akitaja faragha anazungumzia mambo ya mke na mume, na mlango uwe umefungwa. Wazee wakaulizana mambo ya chumbani yanaingiaje kwenye ng'ombe. Mmoja akasema labda ni habari za madume na majike, na hapo wakaelewana kidogo.

Lakini kilichovunja blogu ni vidakuzi. Ukifungua tu ukurasa, kabla hujaona hata kwato, lilijitokeza tangazo: "Blogu hii hutumia vidakuzi ili kukutambua, kukumbuka ulikopita na kujua ulichotazama. Je, unakubali?" Chini yake vitufe viwili, Nakubali na Nakataa.

Neno hilo Kasansa hawakuwa wamelisikia, ila hawakuhitaji kamusi. Udaku wanaujua. Mdaku wanamjua, tena kwa jina na nyumba. Basi kidakuzi ni nani kama si mdaku mdogo, anayetumwa? Wafugaji wakasoma "kukumbuka ulikopita" wakatazamana. Kiangazi kilikuwa kikali, majani yaliisha huku yakabaki kule hifadhini kulikokatazwa kuchungia, na hapakuwa na mfugaji aliyetamani kukumbushwa alikopita. Kufikia mnada uliofuata hakuna aliyefungua tena Kapotea Kaonekana. Luhende alipopita, watu walimwamkia kwa mkono mmoja, na mwingine ukawa unageuza nyama.

Mtu mmoja tu alifurahi. Huyo alikuwa Mama Jeniffer, muuza dagaa wa kutembeza, ambaye hakuwa na ng'ombe wala mbuzi na kabla ya hapo hakuwahi kuigusa blogu hiyo. Aliposikia Luhende anatafuta vidakuzi aliazima simu ya mwanawe, akafungua, akasoma, akabonyeza Nakubali. Jioni ile ile alifika dukani, akakalia gunia la chumvi, akaanza kutoa ripoti. Fulani amegombana na fulani. Fulani amejenga choo kwenye kiwanja cha watu.

Luhende aliziba masikio. Akamwambia kwamba hizo ni taarifa binafsi na hana idhini ya kuzisikia. Akajaribu kumweleza kwamba kidakuzi ni kijifaili, si mtu. Mama Jeniffer akamjibu kwamba yeye ameulizwa kwa Kiswahili kama anakubali, naye amekubali, na kama kazi imeshapata mtu mwingine aambiwe. Aliondoka akiwa amenuna, lakini kesho yake akarudi.

Katika hali hiyo ndipo alipopotea ng'ombe wa Mzee Kalisti, na huyo hakuwa ng'ombe wa kupotea.

Mdogo wake Luhende, Masunga, alikuwa anamwoa Verdiana, binti wa Kalisti. Kalisti ni Mpimbwe, Mkatoliki wa siku nyingi, mkulima wa mpunga. Masunga alikuwa amebatizwa Pasaka kwa ajili ya ndoa hiyo, na kijana alimpenda yule binti mpaka akaacha kuongea na ng'ombe. Mahari ililipwa ikaisha, na juu ya mahari akatolewa ng'ombe wa mkaja, yaani wa mama wa binti, wa kumshukuru kwa tumbo alilofunga baada ya kuzaa. Alikuwa jike jekundu mwenye baka jeupe usoni, na ndama wake. Padri alikuwa ameshalisoma tangazo la kwanza la ndoa kanisani. Wiki ile, alfajiri moja, kamba ikakutwa imelegea na ng'ombe hayupo, yeye na ndama.

Kalisti hakulia. Alicheka kicheko kibaya. Akasema sasa ameelewa kwa nini Wasukuma wanatoa ng'ombe kwa moyo mweupe hivyo: wamewafundisha kurudi nyumbani. Akatuma ujumbe kwamba jike hilo lisipokuwa limeonekana kabla ya tangazo la tatu, padri atakapouliza kama kuna mwenye kujua kizuizi, yeye Kalisti atasimama, tena atasimama kwenye benchi la mbele ili asikike.

Masunga alikuja dukani macho mekundu. Alishatembea vichaka vyote, alishakagua mazizi ya ndugu zake wote mpaka wakakasirika. "Kaka," alisema, "weka kwenye blogu. Weka sura yake, weka jina, weka kila kitu. Mimi wakinifunga nitafungwa nimeoa."

Hapo ndipo ungemwona Luhende anavyoteseka. Mdogo wake alikuwa mmoja tu. Mama yao alikufa akamwachia mikononi, naye akamlea na kumsomesha. Lakini sheria nayo ilikuwa imesimama pembeni na suti ya kubana, ikimtazama kwa upole. Akasema ataweka, ila kwa idhini.

Alianza kukusanya idhini. Alimrekodi Masunga kwenye simu akisema "nakubali". Akamrekodi mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ng'ombe alipita kwake siku ya mahari. Akamrekodi mchungaji wa ng'ombe aliyemswaga, na katekista kwa kuwa ni jambo la ndoa. Akaenda kwa Kalisti mwenyewe, akapokewa kwa ubaridi lakini kwa chai, chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, na Kalisti akasema "nakubali" huku akitazama pembeni. Simu ikajaa wazee wanaokohoa na kukubali. Luhende akaweka tangazo na sura ya ng'ombe wazi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu semina, akasubiri.

Hakuna aliyelisoma. Padri akasoma tangazo la pili. Wafugaji walikuwa hawafungui blogu yenye vidakuzi, na aliyewaambia vidakuzi si watu waliona huyo ndiye kidakuzi mwenyewe.

Siku tatu kabla ya tangazo la tatu, Mama Jeniffer alikaa juu ya gunia lake la chumvi kama kawaida. Luhende hakuziba masikio. Hakuwa na nguvu. Mama Jeniffer aliliona hilo, na akapunguza sauti, jambo ambalo si tabia yake.

"Baba Faith, nikuulize. Ulipokwenda kwa Kalisti ulikunywa nini?"

"Chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Maziwa ya ng'ombe gani?"

Kalisti hakuwa na ng'ombe mwingine anayekamuliwa. Pale kijijini maziwa yaliuzwa mnadani tu, na mnada ulikuwa haujafika.

Mama Jeniffer akatoa ripoti, na safari hii aliitoa kwa mpangilio kama karani. Kila asubuhi, akipita na dagaa, hukutana na mama yake Verdiana anatoka ng'ambo ya mto kwa dada yake, kibuyu mgongoni kimefunikwa kwa kanga. Kinavuja kidogo. Paka humfuata. Na Mzee Kalisti hunywa chai yake asubuhi huku akilaani wezi wa ng'ombe, anaongeza kikombe, analaani tena, wala hajauliza maziwa yanatoka wapi.

Luhende aliinuka, akakaa, akainuka tena. Akauliza kwa nini mama huyo amwibe ng'ombe wake mwenyewe. Mama Jeniffer akasema, hilo sasa kamuulize.

Na hilo ndilo lililokuwa gumu. Kwa walikotoka kina Luhende, mama mkwe haongeleshwi hivi hivi. Ukimwona njiani unachepuka, ukimsalimia unatazama chini, na mambo mengine yote yanapitia kwa mumewe. Ndiyo maana katika zile idhini zote, za mwenyekiti na mchungaji na katekista, hakuna hata aliyefikiri kumuuliza yeye. Luhende akamwomba Mama Jeniffer afuatane naye, na hivyo ndivyo kidakuzi alivyopata kazi yake ya kwanza rasmi.

Wakamkuta ng'ambo ya mto, amechuchumaa anakamua. Jike jekundu lilikuwa linacheua, limenenepa kuliko siku ya mahari, na ndama amefungwa kwenye mpapai. Mama hakushtuka. Alimaliza kukamua, akafunika kibuyu, akajifunga kanga vizuri. Luhende alisimama akitazama kwato za ng'ombe, akatoa shikamoo yake kwa kwato. Kisha akaeleza kwa heshima kwamba anatafutwa ng'ombe, ndoa inavunjika, na yeye amekusanya idhini za watu wote.

"Umenikusanya mimi?" aliuliza yule mama.

Luhende akaitoa simu, akairudisha mfukoni.

"Mwanangu, umewauliza wanaume wote wa Kasansa habari ya ng'ombe wangu. Mpaka katekista. Katekista kafunga mkaja lini?"

Ndipo akasema. Kalisti alikuwa ameshaelewana na Abednego, fundi pikipiki, kumpa huyo ng'ombe na ndama wake na kuchukua pikipiki, ile nyekundu inayosimamishwa mbele ya gereji. Hakumuuliza mkewe. Mkewe alimsikia tu chooni akiunguruma kwa mdomo, anafanya mazoezi ya kukata kona. Yeye hakutaka ugomvi, wala hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya wakwe. Alimtoa tu ng'ombe wake alfajiri akampeleka mahali pa usalama. Hakujua kwamba mume atawageuzia kibao Wasukuma, na sasa anashindwa kusema bila kumvua nguo baba wa watoto wake. Alipofika hapo akafuta macho kwa pindo la kanga. Watoto sita alizaa kwa mtu yule, alisema, na hiki ndicho kitu cha kwanza kilichowahi kutolewa kwa jina lake.

Luhende aliona haya mpaka masikioni. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, yale maneno ya mwanasheria yalikuwa yanasema nini. Hayakuwa yanasema ufiche uso wa ng'ombe. Yalikuwa yanasema umuulize mwenyewe.

Akamuuliza. Akamuuliza anataka nini kijulikane na nini kisijulikane, na mama akamweleza, na Luhende akaahidi. Mama Jeniffer naye alitakiwa aahidi. Ilimchukua muda.

Jumamosi wazee wa pande zote mbili walikutana uani kwa Kalisti. Wasukuma walikaa upande wa uzio, Wapimbwe upande wa nyumba, na Abednego alikuwepo pia, haikueleweka kama nani. Akina mama walikuwa barazani wanachambua mchele. Kalisti akasema hana maneno mengi: kesho ni tangazo la tatu, na yeye anataka kuambiwa ng'ombe yuko wapi.

Masunga alikuwa ameinamisha kichwa. Luhende akasimama.

"Ng'ombe kaonekana," alisema.

Minong'ono ikapita. Kalisti akauliza yuko wapi.

"Mahali pamehifadhiwa."

Wasukuma wenzake wakaguna, maana walishamchoka na hifadhi zake. Mzee Lyamba alishika fimbo. Kalisti akasema hakubali kuchezewa kwake mwenyewe.

"Sikuchezei, baba," Luhende alisema huku akitazama chini, maana alikuwa anaongea na mkwe. "Sheria inasema taarifa ya mali anapewa mwenye mali. Nisaidie tu jambo moja nisije nikakosea. Ng'ombe wa mkaja, kwa nyie Wapimbwe, mwenyewe ni nani?"

Barazani mchele uliacha kuchambuliwa. Kalisti alitazama wanaume wenzake, akaona wote wanatazama barazani, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mama, na wengi mama zao walikuwa pale pale wameshika ungo. Kusema "ni wangu" mbele ya wanawake wale kungekuwa ni kujitafutia njaa ya mwaka mzima.

"Ni wa mama yake Verdiana," alisema hatimaye.

"Basi mwenyewe nimemjulisha. Amemwona na ameridhika. Anasema hana malalamiko na Wasukuma, na tangazo lisomwe."

Wazee walimgeukia mama wa binti, naye akaitikia kwa kichwa, mara moja. Mambo yangeishia hapo, na siri ya Kalisti ingelala salama, kwa sababu Luhende alikuwa ameahidi na Luhende akiahidi ni kama amekula kiapo. Lakini Kalisti alikuwa amebanwa pabaya, na lile lililokuwa moyoni kwa muda mrefu likamtoka lenyewe.

"Na pikipiki yangu je?"

Mzee Lyamba akaweka fimbo chini taratibu. "Kwani hapa nani kataja pikipiki?"

Hakuna aliyetaja. Abednego alianza kutafuta viatu vyake. Barazani ulianza mcheko mdogo, ukashika huyu ukaenda kwa yule, mpaka ukawa kicheko cha wanawake wote, na mama yake Verdiana, aliyekuwa amejikaza kwa heshima ya mumewe, alifunika uso kwa ungo na mabega yakawa yanaruka. Mama Jeniffer, aliyeitunza siri ile kwa siku mbili nzima, alikuwa analia machozi. Hata Kalisti mwisho alicheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu na hana namna.

Tangazo la tatu lilisomwa. Padri alipouliza kama kuna kizuizi, watu wote walimgeukia Kalisti, naye akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Masunga akaoa.

Blogu ilirudi. Luhende aliondoa ukungu kwenye nyuso za ng'ombe na akaanza kuuliza watu, kwa upole na kwa ufupi, nini wanataka kitangazwe. Tangazo la vidakuzi hakuliondoa, maana sheria ni sheria, ila aliliandika upya akaeleza kwamba ni vijifaili vya ndani ya simu na havijui mtu kachungia wapi. Mama Jeniffer alitaka kujua kama yeye amefukuzwa. Luhende akaisoma tena sera yake mwenyewe, akakuta ameandika kwamba idhini anaweza kuiondoa aliyeitoa tu. Mama Jeniffer hajaiondoa mpaka leo.

Siku ya kuweka habari ya jike jekundu, mama yake Verdiana alikuja dukani mwenyewe. Luhende alitazama chini, kama inavyotakiwa, akamuuliza kama sura ionekane. Akasema ionekane. Akauliza kama kitongoji kiandikwe. Akasema kiandikwe. Akauliza kwenye mwenye ng'ombe aandike mama Verdiana au mke wa Kalisti, maana miaka yote pale palikuwa panaandikwa majina ya wanaume, na hakuwa na mazoea.

Yule mama alifikiri kidogo. "Mimi nina jina," alisema. "Andika Monika."

Luhende akaandika: "Kaonekana. Jike jekundu, baka jeupe usoni, na ndama. Mwenye ng'ombe: Monika." Akamsomea. Akamwomba arudie kwenye simu kwamba anakubali, na Monika akasema nakubali, akaomba asikilizishwe sauti yake mwenyewe, akaomba tena.